Tarumbeta la Bwana Shii

Mtu aliyekaa kwenye ndoa miaka mingi akikwambia hajawahi hata mara moja kutamani kumtupa mwenzake dirishani, huyo mwongo, au nyumba yake haina dirisha. Radi hakuwa mwongo. Alitamani kumtupa mumewe dirishani kila asubuhi, tangu lile tarumbeta lilipoingia nyumbani, na alimwambia hivyo hivyo usoni, mbele ya chai yake.

Jina la Radi alipewa kiwandani. Alisimama katikati ya mitambo ya kufuma nguo tangu usichana wake mpaka siku waliyomkabidhi saa ya ukutani na kumwambia, mama, nenda kapumzike. Mle ndani hakuna anayesema, watu hupiga kelele tu, na aliyepiga kelele ikasikika mpaka mtambo wa mwisho alikuwa yeye. Sauti ile alirudi nayo nyumbani. Akisema "njoo ule" ungedhani kuna mtu ametumbukia kisimani. Lakini moyoni alikuwa na ndoto moja tu: kimya. "Siku nikistaafu," alikuwa akiwaambia wenzake, "sitaki kusikia hata kuku."

Sasa tazama mambo. Mumewe yeye alifanya kazi maktaba. Meza yake ilikuwa mlangoni, na kazi yake, ukiacha kupanga vitabu, ilikuwa kuweka kidole mdomoni. Watoto wa mtaa walimwita Bwana Shii, na jina likamganda mpaka wakubwa nao wakalitumia. Mtu amekaa maisha yake yote akiwanyamazisha wengine, unadhani akistaafu anataka nini? Anataka kelele! Ila mwanzoni hakulijua hilo. Mwaka wa kwanza alikaa tu kwenye kiti, uso kaelekeza ukutani, ndevu zinaota kama magugu. Chakula alikichokoa akakiacha. Binti yao, ambaye ni mwalimu mkuu wa shule na huwasemesha wazazi wake kama vile wamechelewa kengele, alisema baba ana sonona.

"Ana deko," alisema Radi.

Ni Sajenti mmoja mstaafu, aliyepiga ala katika bendi ya polisi, ndiye aliyeanzisha darasa la wastaafu kwenye ukumbi ulio nyuma ya posta. Bwana Shii alikwenda kwa sababu aliambiwa kuna chai ya bure. Akarudi na tarumbeta kwapani, la kuazima, limebonyea upande mmoja, na uso wake unang'aa kuliko hilo tarumbeta lenyewe.

Jamani, ile sauti! Kama ndama aliyekanyagwa. Akipuliza, sahani zinatetemeka kabatini, na jirani wa ukuta anagonga kwa ufagio. Radi akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mzee, kama unakufa, si ufe taratibu?"

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," akajibu Bwana Shii, akifuta mate midomoni.

"Na hapa ng'ombe nani? Maana mlio ni wako."

Hivyo ndivyo walivyoishi, usiwaonee huruma. Nyumba ile haikuwahi kukubaliana jambo kwa kunong'ona. Walikubaliana rangi ya kuta kwa kupigiana kelele, shule ya watoto kwa kupigiana kelele, na hata ndoa yenyewe, wanasema waliojua, ilianza na ugomvi kwenye foleni ya mkate. Wanagombana mpaka sauti zinakauka, kisha mmoja anasema "haya basi," na jambo linakuwa limeisha.

Tena Radi hakuwa kipofu. Aliona mzee ananyoa ndevu. Aliona anapiga pasi shati la kwendea mazoezini, anakula mpaka anafuta sahani kwa mkate, anamtania mwuza maziwa. Usiku alilala kama mtoto. Kuona aliona. Ila kuona ni kimoja na kuvumilia ni kingine, na kichwa kilikuwa chake yeye. Alikingoja kimya chake maisha yote, na alipofika mlangoni pake akakuta kuna mtu ameshakikalia na anapuliza.

Sasa kile kipulizio. Tarumbeta lina kidude kidogo cha shaba kinachochomekwa mbele, pale midomo inapokaa. Bila hicho tarumbeta ni bomba tu. Bwana Shii, kwa tabia yake ya maktaba, alikipa makazi: akimaliza kupiga anakiosha, anakikausha kwa kitambaa, anakiweka ndani ya glasi kwenye kizingiti cha dirisha la chumbani. Kila kitu mahali pake, na mahali pa kila kitu. Angeweza kuamka macho yamefumba akakishika.

Siku yenyewe, Radi alikuwa na kichwa kinachogonga tangu alfajiri. Sajenti alikuwa amemchagua Bwana Shii apige kipande cha peke yake kwenye onyesho la wastaafu, basi mzee akawa anakirudia kilekile, kilekile, na kila akifika pale pa kupanda juu anateleza, anaanza upya. Radi alimwomba aache. Ndiyo, aliomba! Kwa sauti ya chini, kitu ambacho hakikuwa desturi yake. Bwana Shii alifunga mlango akaendelea.

Alipokwenda kuoga, Radi aliingia chumbani, akakitoa kipulizio kwenye glasi, akakitia kwenye droo ya cherehani yake, chini ya vibobini vya uzi. Wala hakujificha. Alifungua droo kwa kishindo na kuifunga kwa kishindo.

Alijua kitakachofuata. Mzee atatoka na taulo, ataona glasi tupu, atanguruma: "Kiko wapi?" Naye atajibu: "Ninacho mimi, utanifanya nini?" Watagombana hadi jioni, majirani watapata la kusimulia, na mwisho watapanga saa za kupiga na saa za kunyamaza. Ndiyo njia yao. Mwenzio anakualika kwenye ugomvi, unakuja.

Lakini Bwana Shii hakuja. Radi alikaa jikoni na majibu yake tayari, makali, mengine ameyanoa vizuri kabisa. Akasikia mzee anafungua kabati. Akasikia anavuta kitanda. Alikung'uta viatu, akapekua mifuko ya makoti, akaja jikoni akafungua kopo la sukari akachungulia ndani, bila kumtazama mkewe. Kisha akarudi kukaa kitandani na taulo lake.

"Nimeanza," alisema.

"Umeanza nini?"

"Mama yangu alianza hivihivi. Kitu anacho mkononi, mara hakipo. Mwishowe akawa ananiita mimi kwa jina la kaka yake." Aliitazama mikono yake. "Nimekiweka kwenye glasi. Naapa nimekiweka kwenye glasi."

Hapo ndipo Radi alipopaswa kusema. Wewe unasema, mimi nasema, na kila msomaji anasema: sema, mwanamke! Mdomo ule ulioshinda mitambo ya kiwanda kizima ukashindwa na neno moja. Aliona aibu. Kumchukulia mtu kitu ili mgombane ni jambo moja, kumkuta anaililia akili yake ni jambo jingine kabisa. Akasema tu, "Utakiona, kitakwenda wapi?" akarudi jikoni, na kila saa iliyopita ikaifanya ile droo kuwa nzito zaidi kufunguka.

Binti yao alikuja mwisho wa wiki. Walimu wakuu wamezoea kutafuta mkosaji, na huyu hakuhitaji muda. Alimtazama mama yake juu ya miwani.

"Mama, wewe hujakigusa?"

Radi alifungua mdomo. Sitaki kumsingizia, nadhani safari hii angesema kweli. Lakini mzee alimtangulia.

"Mwache mama yako."

"Baba, kikulacho ki nguoni mwako."

"Si huyu. Huyu namjua." Bwana Shii alitikisa kichwa. "Mama yako akitaka kitu changu anakichukua mchana kweupe, ananitupia usoni, na matusi juu. Hana siri huyu, ana kelele tu. Mimi ndiye niliyekipoteza."

Basi. Msumari ulizama wote mpaka kichwani. Maisha yote Radi alisema alichotaka, kwa yeyote aliyemtaka, na mumewe alimwamini kwa ukali wake kuliko wengine wanavyoaminiwa kwa upole wao. Sasa atasema nini? Akainuka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Binti alisema atanunua kipulizio kingine. "Ili nikipoteze tena?" akauliza baba yake. Sajenti alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni kama yuko gwaride, akasema ana cha akiba. Bwana Shii hakutoka chumbani. Alituma jibu kwamba anamshukuru na achague mtu mwingine wa kupiga kile kipande, mtu mwenye kichwa kizima.

Kutoka hapo, mambo yakaporomoka. Mzee alikata kadi ndogo kwa ile mikono yake ya maktaba akazibandika nyumba nzima kwa mwandiko mzuri: SUKARI. CHUMVI. FUNGA BOMBA. ZIMA JIKO. Na bado aliacha bomba wazi mpaka maji yakafika sebuleni. Aliacha sufuria motoni ikaungua ikawa nyeusi tii, naye amekaa hatua chache tu kutoka pale, anatazama ukuta. Radi alipiga kelele kwa yote mawili. Alimwita kila jina. Alitaka, tena alitaka sana, ajibu hata tusi moja. Bwana Shii alisema, "Kweli, mama. Samahani."

Samahani! Kugombana na mtu asiyejibu ni kama kufua bila maji. Nyumba ikatulia. Kimya alichokiota tangu usichana kikaja, kikakaa naye mezani, na Radi akakichukia kama alivyokuwa hajawahi kuchukia chochote. Alikuwa anawasha redio bila kuisikiliza.

Bomba na sufuria alijiambia ni mawazo tu, mtu akikata tamaa hatazami anachofanya. Kisha asubuhi moja mzee alitoka kununua mkate. Aliporudi alikuwa na fundi viatu wa njia panda, amemshika kiwiko.

"Mama, shikamoo. Nimemkuta mzee kasimama pale kwangu. Ananiuliza njia ya kwake ni ipi."

Pale na hapa ni mwendo mfupi, hata mkate haupoi njiani. Njia ile Bwana Shii ameipita tangu walipohamia. Alisimama nyuma ya fundi viatu, mkate ameukumbatia, anatabasamu kwa adabu kama mgeni. Radi alimshukuru fundi, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza hakumpigia mumewe kelele.

Ni mimi, au ni ugonjwa? Aliligeuza swali hilo akiwa jikoni, akiwa chooni, akiwa amelala mgongo kwa mgongo na yule mtu. Ni mimi niliyemtia hofu mpaka akapotea, au alikuwa anapotea tu na mimi nimemsukuma?

Binti aliwapeleka kwa daktari. Daktari alikuwa mwanamke kijana, chumba chake kina meza moja na dirisha lililobandikwa karatasi ya kuzuia jua. Alimwomba mzee achore saa. Alimtajia maneno matatu, wakaongea mengine, kisha akamwomba ayarudie. Bwana Shii alifuta viganja vyake kwenye suruali. Alipata neno moja. Akageuka akamtazama Radi, kama mtoto anayetazama daftari la mwenzake, na Radi akashindwa pa kuweka macho.

"Mzee, unaogopa nini?" aliuliza daktari.

"Siogopi. Nimeshakwisha tu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Siwezi kusema leo kwamba ni ugonjwa wa kusahau, na siwezi kusema siyo. Huzuni na hofu peke yake zinaweza kumfanya mtu mzima asahau njia ya kwake. Tutapima damu, na tutarudia maswali haya baadaye. Ila mtu akishajiambia akili imekwisha anaacha kuitumia, halafu inaondoka kweli. Alikuwa na kitu anachokipenda?"

"Tarumbeta," alisema binti.

"Basi arudi kwenye tarumbeta lake. Hiyo ni sehemu ya matibabu, msiione kama mchezo."

"Kipulizio nilikipoteza mwenyewe, daktari," alisema Bwana Shii kwa upole. "Kwa mikono hii."

Nje, kwenye benchi la korido, binti alitoa uamuzi wake kama anasoma tangazo la shule. Baba atakwenda kukaa kwake, mji mwingine, safari ya basi ya siku nzima. Mama hawezi peke yake, tena mama ana makelele, na baba anahitaji utulivu. Wataondoka kesho. Bwana Shii alisema, "Sawa." Wangemwambia anapelekwa jalalani angesema sawa.

Walipofika nyumbani, binti aliingia chumbani kukunja mashati. Mzee alikaa kwenye meza ya chakula, mikono juu ya magoti. Radi alimtazama kisogo chake, kimekonda. Akaenda kwenye cherehani, akaivuta droo kwa nguvu mpaka vibobini vikamwagika sakafuni, akarudi, na kile kipulizio akakipiga mezani kwa kiganja.

Bwana Shii alikitazama. Hakukigusa.

"Umekiona wapi?"

"Sikukiona. Nilikichukua."

"Lini?"

"Siku ileile. Ulikuwa bafuni."

"Ukakificha."

"Nikakificha. Kichwa kiliniuma, nilikuomba ukanifungia mlango. Nilitaka uje tugombane, wewe ukaenda kukaa kitandani na kulialia! Ningejuaje?"

Mzee alikichukua, akakigeuza vidoleni. Kifua chake kilianza kupanda na kushuka. Radi alisimama, akangoja lije lolote litakalokuja, hata kofi, ingawa mtu yule hakuwahi kumpiga hata inzi. Lakini alipoinua uso, hasira haikuwepo bado. Kilichokuwepo kilikuwa kibaya zaidi. Macho yalikuwa yamefunguka, yanamtazama kwa tumaini, yanamwomba.

"Na bomba?" aliuliza. "Lile lililoachwa wazi, nilikuwa mimi?"

Radi alielewa. Aliliona jambo zima mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa. Kabla ya kipulizio hiki, mwanamke huyu hakuwahi kuona haya kumwambia mumewe ukweli wowote, uwe mdogo, uwe mchungu.

"Mimi," alisema.

"Ulifungua wewe?"

"Nilifungua mimi. Nilitaka uone unavyokera."

"Na sufuria?"

"Mimi vilevile. Ulikuwa umeshazima jiko, nikaliwasha. Unadhani utaunguza sufuria na jiko umelikalia karibu vile? Wewe na pua yako hiyo?"

Bwana Shii alianza kupumua kwa sauti. Rangi ilimrudia shingoni, ikapanda. Kisha Radi akaona swali la tatu linakuja. Aliliona linaumbika midomoni mwake, mkunjo ukimwingia katikati ya nyusi, macho yakielekea mlangoni, kwenye barabara, kwa fundi viatu. Hilo hakuwa na jibu lake. Hakuna mke duniani anayeweza kumhamishia mumewe njia panda.

"Na nitakificha tena!" alifoka, sauti ya kiwandani, sahani zikaitika kabatini. "Nitakificha kila siku ya Mungu! Hujui kupiga, hukujua, hutajua! Kila ukifika pale juu unateleza kama mlevi kwenye ngazi! Sajenti alikuchagua kwa huruma!"

Swali likafa. Bwana Shii alisimama hata kiti kikaanguka.

"Nyoka!" alinguruma. Mtu wa maktaba, maisha yake yote kidole mdomoni! "Mchawi mkubwa! Unanitia wazimu ndani ya nyumba yangu! Nimebandika makaratasi kama mwehu! Nimemlilia mama yangu kaburini, kumbe mwizi analala mgongoni kwangu!"

"Lala sebuleni basi!"

"Utalala wewe! Na nitapiga asubuhi, nitapiga mchana, nitapiga mpaka uhame!"

Binti alitokea mlangoni na shati mkononi, uso umemshuka. "Kuna nini? Baba, presha yako! Mama!"

"Rudisha nguo zangu kabatini!" alisema baba yake bila kumtazama. "Siendi kwa mtu. Na daktari wako mwambie nina akili timamu, niliyemwoa ndiye hana!" Akaanza kung'oa zile kadi ukutani, moja baada ya nyingine, anazikunja, anazitupa chini, anatukana kwa kila moja. Ile ya ZIMA JIKO alimrushia mkewe kifuani.

Kuanzia siku ile Bwana Shii hakumwamini tena. Kipulizio alilala nacho mfukoni. Alimwambia Sajenti, akamwambia fundi viatu, akawaambia majirani wote wa ukuta kwamba mkewe ni mtu wa kuogopwa. Radi hakukanusha hata neno moja. Aliinama akaziokota zile kadi sakafuni, na ile ya jiko akaihifadhi ndani ya mkoba wake. Asubuhi mzee alipotoka kwenda mazoezini, tarumbeta kwapani, shati limepigwa pasi, alimpigia kelele kutoka mlangoni kwamba anamchukia na asirudi. Kisha akatia miguu kwenye kandambili, akajifunga mtandio, akamfuata kwa mbali mpaka njia panda, kuona atageukia wapi.